Stara Alivyoikataa Shikamoo

Stara wa Kondoa aliingia chuo cha uuguzi Dodoma akiwa na miaka arobaini na tatu. Miaka kumi na minane alikuwa mhudumu wa kituo cha afya, akifagia wodi na kuosha wagonjwa, huku akirudia mtihani wa kidato cha nne mpaka sayansi zikakubali. Mtu wa namna hiyo si wa kuchezea.

Lakini bweni lilimshinda. Tatizo halikuwa muziki wala kelele, maana alishazoea wodi ya wazazi. Tatizo lilikuwa heshima. Chumba kilikuwa na vitanda sita vya deka, na kila binti aliyepita mlangoni alisimama: "Shikamoo mama." Stara, mtu aliyelelewa akaleleka, angeitikiaje na kurudi kitabuni? Ilibidi amuulize kaamkaje, nyumbani hawajambo, na lile jino je? Jino likaleta habari ya mchumba, mchumba akaleta machozi, na ukurasa ukabaki palepale. Siku moja alitia pamba masikioni. Haikusaidia, kwa sababu shikamoo huonekana hata usipoisikia.

Mtihani wa anatomia ukamwangusha. Akapewa sapu, mtihani wa kurudia, wiki tatu mbele. Akifeli tena, anadisko, chuo kinamtoa, anarudi Kondoa kushika ufagio.

Jumapili asubuhi akawaita mabinti kwenye korido.

"Wanangu, kuanzia leo msiniamkie mpaka nifanye mtihani."

Wakatazamana. Hilda, binti wa Mpwapwa, alikaribia kulia. "Mama, nikupite hivihivi? Mama yangu akisikia je?"

"Mwambie mimi ndiye niliyekataa. Humu ndani mimi sina umri, nina sapu."

Wapo watu wazima ambao usipowaamkia wanakushtaki kwa ukoo mzima. Stara aliivua heshima yake kwa mkono wake mwenyewe, na ilimuuma. Siku ya kwanza Lulu, binti wa kitanda cha jirani, alipita kimya, na mama wa watu akajikuta amefungua mdomo kuitikia salamu ambayo haikutolewa. Akaufunga, akageuza kiti kikatazama ukuta.

Hapo ndipo alipoanza kusoma kweli. Majina ya mifupa yaliyokuwa yakimteleza aliyafunga kwa watu aliowaosha: mfupa wa paja akampa mzee aliyeanguka na bodaboda, nyonga akampa mama aliyejifungua mapacha. Akijipapasa mkono kuanzia begani hadi kidoleni, midomo ikimcheza, wenzake walipita kwa kunyata.

Ikabaki siku moja. Alasiri, Lea, aliyelala kitanda cha juu yake, akaingia na simu mkononi, uso umeloa. Mchumba wake wa miaka minne alikuwa ameoa mtu mwingine. Chumba kizima kikamgeukia Stara.

Stara alisoma mstari mmoja mara nne. Mikono yake, iliyowabembeleza wageni miaka yote ile, ilitaka kwenda.

"Lea mwanangu," alisema, "kesho saa saba mchana nitakuwa wako mzima. Leo siwezi."

Lea akapanda kitandani akajifunika shuka gubigubi. Hilda akamfuata kumbembeleza. Stara akaendelea kusoma, machozi yakimdondokea kwenye daftari, akiyafuta kwa kiganja na kufungua ukurasa mwingine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yote aliyowahi kuifanya, na aliifanya.

Kesho yake alitoka kwenye mtihani saa sita. Hakungoja kuulizana maswali na mtu. Saa saba ilimkuta amekaa kando ya Lea, na hakuondoka mpaka jua lilipozama.

Matokeo yalipobandikwa, Lea ndiye aliyeyaona kwanza. Alirudi mbio, akasimama mbele ya Stara akihema.

"Sitini na moja, mama. Umepita."

Stara akakaa kitandani taratibu, akashika kichwa, akalia bila kujificha. Lea akakaa karibu yake.

"Siku ile nilikuchukia," alisema. "Nilitaka ufunge daftari uje. Lakini mama, ungelifunga ukafeli kwa ajili yangu, uso wangu ningeuweka wapi?"