Nilimpima mama mkwe akiwa usingizini, ukoo ukajua nachonga jeneza lake

Wakuu, habari za humu. Niko Lubumbashi, Kampemba, Kiswahili changu mtakivumilia. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na sijapunguza kitu ili nionekane nina akili.

Kazi yangu ni kufundisha hesabu sekondari. Wikendi nachezea mbao kwenye kibanda nyuma ya jiko. Nina randa ya mkono, misumeno miwili na drili. Clamp sina. Nikipaka gundi nabana kwa mipira ya baiskeli, na inashika vizuri kuliko mnavyodhani.

Mama mkwe alikuja kutoka Likasi kutibiwa macho. Ni mrefu. Akijilaza mchana kwenye kochi letu, miguu inaning'inia, na kila siku alilitaja jambo hilo kwa upole ule unaouma.

Nikapanga kumfanyia surprise: benchi refu la barazani, ndani sanduku la kuhifadhia vitu, juu mfuniko wa kujilaza.

Tatizo vipimo. Mama mkwe huwezi kumwuliza urefu wake. Kwetu hata kumsogelea sana ni kukosa adabu.

Basi mchana mmoja amelala kwenye mkeka, nikanyata na mètre yangu, ile tepu ya chuma ya kupimia. Kichwani mpaka kisiginoni nikapata. Nilikuwa kwenye mabega alipofungua macho.

Nikarudi kinyumenyume huku mètre ikijikunja yenyewe kwa kelele.

Ningejieleza palepale yangeisha. Lakini surprise ingeharibika, si ndiyo.

Nikaendelea na kazi. Mbao moja ilikuwa fupi, nikaamua upande wa miguuni uwe mwembamba kidogo. Vishikio vya kubebea, dukani vilibaki vya aina moja tu, rangi ya dhahabu, nikachukua vinne. Vanishi nikapaka nyeusi kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo.

Wakuu, naapa sikuona. Ukikaa na kitu wiki mbili unaona viungo tu.

Jumamosi asubuhi nikalitoa uani likauke. Kabla ya saa tano akaingia Gustave na pick-up yake, kaka mkubwa wa mke wangu, amevaa koti. Kumbe mama alimpigia simu tangu siku ile. Mke wangu Clarisse akatoka jikoni, akaona sanduku, akamwona kaka yake, akakaa chini.

Viti vikapangwa. Gustave, ambaye huniita Beau, yaani shemeji, akaniuliza polepole, "Beau, utuelezee. Ulikuwa unapima mama juu ya nini?"

Nikaeleza yote: kochi, miguu, surprise. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika mwongo. Clarisse hakuniangalia hata mara moja. Hapo niliogopa kweli. Miaka kumi na moja ya ndoa, nikaona inaniponyoka kwa ajili ya benchi.

Ndipo mama akainuka. Akalizunguka sanduku, akapitisha kidole kwenye kona. Sikuwa najua kwamba marehemu baba yake alikuwa seremala wa mabehewa ya reli.

"Papa Kevin," akaniambia kwa jina la mwanangu, "kama iko sanduku yangu ya kufa, mi sitaingia. Angalia hii kona, kidole inapita. Na kama iko benchi, iko mubaya vilevile."

Kisha Clarisse akaanza kucheka, akashindwa kuacha.

Siku tatu mama alinisimamia. Nikainoa randa upya, nikavunja kona zote, nikaziunga kwa meno ya mbao yanayoingiliana. Vishikio na rangi alikataa nisiguse, eti vinapendeza. Mwisho akasema anaondoka nalo.

Tukalipakia kwenye pick-up, ndani limejaa vitenge na sufuria. Kwenye kizuizi cha njiani askari wakavua kofia, wakatupisha bila kuuliza neno. Mama, aliyekaa mbele, akashusha kitambaa usoni.

"Munyamaze," akatuambia.

Likasi ndiko mambo yalikoharibika. Siku ile ya mètre aliwapigia pia akina mama wenzake wa kanisani. Walipoona sanduku linaingia mtaani, kilio kilianza kabla Gustave hajazima gari.

Mama akafungua mlango wa mbele, akashuka.

Wawili walikimbia. Mmoja aliendelea kulia amefumba macho mpaka mama alipomgusa bega.

Kisha akaomba kiti, akakaa, akawatazama mmoja mmoja. Mpaka leo akimpigia Clarisse simu anamhesabia nani alilia vizuri, na nani alikuja na kikapu cha sokoni akatazama tu. Huyo wa kikapu hawasalimiani.

Nilichojifunza: mtu mzima mwombe vipimo vyake akiwa macho. Na kabla ya kupaka vanishi, mwite mtu asiyejua unachotengeneza akitazame. Akikupa pole, anza upya.

Nanyi wa mbao humu, mlitengeneza nini watu wakaona kingine? Semeni, nisibaki peke yangu.