Alhamisi Niliyoijua
Miaka ile watu wakihamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa nikiendesha redio ya upepo, ile ya kuitana na vituo vya mbali, katika ofisi moja ya serikali Kilosa. Kila asubuhi niliita vijiji vya Malolo, Lumuma na kwingineko, nikaandika waliyosema. Siku nyingine haikusikika sauti ya mtu, ila mvumo tu, kama mafuta yanayochemka kikaangoni.

Fundi aliyetoka Dar es Salaam kuikagua redio alinieleza kwamba kosa si la mashine.

"Ni jua. Likichafuka, redio zinanyamaza, na hata setilaiti huko juu zinaharibiwa na miale yake. Wenye setilaiti wanaandika siku mbaya, wanahesabu, wanabashiri zijazo. Jua hujizungusha kwa siku kama ishirini na saba. Upande mbaya ukirudi, jihadhari. Lakini ni huenda, si lazima."

Nikaanzisha daftari langu. Baada ya miezi kadhaa nikaona siku mbaya zinarudi karibu na hesabu ile. Nikajipa moyo, nikamwambia mkuu wangu kwamba Jumanne ijayo huenda tusisikie mtu. Akatuma gari na barua mpaka Lumuma. Jumanne ile redio ikasikika vizuri kuliko siku zote.

"Ndugu, siku hizi unapiga ramli?" mkuu aliniuliza mbele ya watu. Ofisi nzima ikacheka. Daftari niliendelea kuliandika, lakini mdomo niliufunga.

Mpiga taipu wetu alikuwa rafiki yangu. Mama yake alikuwa mgonjwa Lumuma, na mganga wa zahanati ya huko aliahidi kutuma habari kwa redio siku ya Alhamisi. Jumatano rafiki yangu akanijia mbio.

"Dada, lori la ushirika linaondoka sasa hivi. Nipande, au nisubiri habari za kesho?"

Kwa hesabu yangu, siku mbaya ilikuwa imeangukia Alhamisi hiyo hiyo. Niliona haya kuchekwa tena, hata na yeye.

"Subiri," nikamwambia. "Kesho utajua."

Alhamisi ulikuwa mvumo mtupu, na Ijumaa vilevile. Jumamosi sauti iliporudi, mganga alisema mgonjwa alizikwa jana, na kwamba alikuwa akimuulizia mwanawe mpaka mwisho.

Rafiki yangu aliporudi kutoka msibani, wenzetu walinilaumu kwa kumzuia. Yeye ndiye aliyenitetea.

"Mwacheni. Angejua, angeniambia."

"Ningekuambia," nikasema.

Mwaka uliofuata alihamishiwa Morogoro. Tuliandikiana barua mpaka alipofariki, na katika zote nilimuuliza habari za watoto tu.