Vioo Viwili vya Mwalimu Klementina

Tangu astaafu kufundisha fizikia, Mwalimu Klementina amebaki na kitu kimoja cha kumkera: vioo viwili juu ya meza, kwenye stoo ya nyumba yake hapa Bombambili. Ni mfano wa darubini mbili za angani zinazotazama nyota moja kwa pamoja. Taa ndogo nyekundu humulika kila kioo, na miale ya vioo vyote viwili lazima itue ukutani mahali palepale na itulie. Kule angani, darubini moja ikitikisika hata kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, nyota haipimiki tena.

Miale yake haikutulia hata siku moja. Akamlaumu Muhsini, jirani mwenye mashine ya kusaga.

"Unatutikisia mtaa mzima, wewe! Taa zangu hazitulii!" alimfokea mbele ya wateja.

"Tuvumiliane, Mwalimu," Muhsini alijibu.

Ijumaa, Muhsini alizima mashine akaenda msikitini. Mtaa ukawa kimya. Mwalimu akakimbilia stoo, akakuta nukta mbili nyekundu zinacheza ukutani vilevile. Akaweka kiganja mezani, akaisikia meza inatetemeka. Ilikuwa mota yake mwenyewe, ile ya kugeuzia vioo, aliyoifunga kwenye meza hiyohiyo. Akasonya.

Jioni alibeba mahindi akaenda kusaga.

"Shikamoo, Mwalimu," Muhsini alisema. "Mchana nilizima mashine. Taa zako zilitulia?"

"Marahaba. Nisagie dona."

Muhsini aliwasha mashine kwanza, ndipo akacheka.