Kisahani cha Mbio Kilivyonitosa Kwenye Mianzi ya Watu

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu Ipogolo nzima wanaijua tayari, na bora muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwa wenye chumvi nyingi: siku niliyokwenda ukweni kujitambulisha nilisimamishwa mbele ya watu nimelowa pombe kuanzia utosini, na baba mkwe ni mzee wa kanisa ambaye hata togwa likilala hagusi.

Mimi nauza mchele wa Rujewa pale Mwanjelwa, na mchumba wangu Oliva, Mhehe wa Iringa, ni muuguzi hukuhuku Mbeya. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye gofu ya visahani, mchezo ambao kwao wanaupenda kupita kiasi. Huna fimbo wala mpira, unarusha kisahani cha plastiki kutoka mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Akanipa viwili vya pole, vile vinavyokwenda taratibu, vinene ukingoni, vya plastiki laini inayoshika mkononi hata kukiwa na manyunyu.

"Hivi havina huruma," akaniambia. "Mkono ukikosea, vitayumba hapohapo na kosa utaliona. Cha mbio, kile kigumu cha kwenda mbali, kinataka mkono uliokwisha kuiva, na wako bado mbichi."

Nikawa naitikia tu, sawa mama, sawa, huku moyoni najiuliza mwanaume mzima ninayebeba gunia begani narushaje kitu kinachopepea kama chapati. Basi kabla ya safari nikakutana na kisahani cha mbio kwenye mitumba, chekundu, kigumu, kinateleza na kung'aa kama gari jipya, ukingo wake mkali. Nikakichukua, nikakificha kwenye begi chini ya kitenge cha mama mkwe. Sikumwambia Oliva. Ni hilo tu nililoamua, jamani, na mengine yote yalijileta yenyewe.

Tulifika Iringa Jumapili, ibada imekwisha, watu wamejaa kwenye uwanja wa kanisa ulioko kilimani juu ya Ipogolo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ukungu unapanda polepole kutoka bondeni, kikapu cha minyororo kimesimikwa ng'ambo, na barabara kuu kule chini inaonekana kama uzi uliodondoka. Nilisimama nikashangaa, mimi niliyezaliwa milimani.

"Kamwene, baba," nikamsalimu mzee (Kihehe changu kinaishia hapo).

"Kamwene, mwanangu. Oliva anasema unarusha."

Ningejibu kuwa najifunza ningeokoka. Nikasema, "Narusha, baba, tena mbali."

Wanakwaya wakasogea kutazama. Nikatoa chekundu changu, nikamwona Oliva anafumba macho, nikajikunja kama nafungua mlango wa chuma wenye kutu, nikakiachia kwa nguvu zangu zote. Plastiki ile ngumu ikaniponyoka kwenye vidole vilivyolowa, kisahani kikainua pua juu, kikakata kushoto, kikapita juu ya vichwa vya wanakwaya (mtu mzima mmoja alilala chini kabisa, na suti yake) na kuzama kwenye mianzi ya jirani.

Badala ya kukiacha nikakimbilia huko. Nikakiona kimenasa juu, nikaushika mwanzi nikautikisa. Sasa nyie wa Iringa mnajua, masika ile mianzi imekatwa ncha na kufungiwa mbeta, vile vikopo vya kukingia ulanzi, pombe yenu ya mianzi, lakini mimi nilikuwa natazama kisahani tu. Mbeta ya kwanza ikanimwagikia kichwani. Nikaruka nyuma nikagonga mwanzi mwingine, na ya pili ikanimalizia shati.

"Mwizi! Mwizi wa ulanzi!"

Bibi mwenye mianzi alinidaka mkono, na jinsi alivyo mdogo sijui nguvu zile alizitoa wapi. Akanikokota hadi katikati ya uwanja, ulanzi unachuruzika, harufu imenitangulia. Akamtazama baba mkwe.

"Huyu mlevi ni wa kwenu?"

Nikaangalia chini. Nilijua uchumba umeishia pale.

"Ni wa kwetu, shangazi," mzee akasema. "Atakuja kukufungia mbeta upya."

Kisha, bila kunikaripia, akatoa kisahani chake cha pole, kimefifia rangi, plastiki imelainika kwa miaka ya kushikwa. Hakujikunja wala hakukimbia. Alipiga hatua kama anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala, mkono ukapita kifuani, na kile kitu kikaondoka, ndugu zangu, kimelala sawasawa hewani, hakitikisiki, kinaelea juu ya bonde na ukungu unapita chini yake, mpaka nikasikia minyororo ikilia ng'ambo. Hakuna aliyepiga makofi. Hata yule bibi aliniachia mkono.

"Haya, na wewe," akanipa kingine kama hicho.

Nilirusha nikinuka vilevile. Kilifika nusu tu ya safari, lakini kilinyooka.

"Sasa nauona mkono wako," mzee akasema.

Nilifunga mbeta za bibi siku ile hadi vidole vikaota malengelenge, na Oliva alicheka njia nzima ya kurudi Mbeya. Tulioana. Nimeapa sitagusa kisahani cha mbio mpaka cha pole kinitii, na bado hakijanitii sawasawa. Ila kuna asubuhi, kabla sijafungua duka, mkono ukitulia wenyewe na kisahani kikakaa hewani muda mrefu kuliko nilivyostahili, nasimama peke yangu kwenye uwanja wa huku Mbeya, mdomo wazi, nasahau hata kwenda kukiokota.