Violini ya Kukomea Ndani

Leo jirani amefungua boksi la violini barazani, na harufu ya ule utomvu mkavu wanaopaka kwenye upinde imenirudisha katika ukumbi wa misioni. Siku hiyo, nikiwa mtoto, nilitoka mtaani kwetu Katuba na mama, miguu yetu myekundu kwa vumbi. Mwalimu wa muziki alibakiwa na violini mbili tu za kuazimisha watoto, kubwa na ndogo, na mtoto aliyeshindwa kuishika vizuri alirudishwa nyumbani. Mimi nilikuwa nikiiota violini tangu Pasaka.

Mama hakusita. Yeye alininunulia kila kitu kikubwa, nikue nacho, au kwa maneno ya kwetu, nikomee ndani yake: viatu vya kujaza karatasi, gauni la kukunjwa mara tatu kiunoni.

"Tunabeba ile kubwa, mwalimu. Mutoto atakomea ndani."

Nikaiweka begani. Nikanyoosha mkono mpaka kwapa likauma, lakini vidole havikufika kwenye kichwa cha violini. Machozi yakanilenga.

"Mama, hii haiko kiatu!" mwalimu alisema akicheka. "Mupatie kale kadogo."

Ile ndogo ikatulia shingoni pangu kama paka, na vidole vikakizunguka kichwa chake bila shida. Nikacheka peke yangu.

"Na akikomea?" mama aliuliza.

"Anairudisha, anapata kubwa. Hii inaenda kwa mutoto mwingine."

Mama alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, polepole, kisha akaninong'oneza:

"Basi, mutoto yangu, usikomee mbio."