Mwanamke wa Daftari Langu

Tangu nivunjike nyonga ninaishi katika chumba cha nje kwa mwanangu, hapa Tuwan, Kitale. Cha nje, kwa sababu kwetu baba halali ndani ya nyumba ya mwanawe. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kufika mlangoni ni hatua nne, nami siziwezi bila kushikwa mkono.

Humo nilianza kuandika hadithi, kwenye madaftari ya wajukuu. Macho yangu hayausomi tena mwandiko wangu, kwa hiyo mke wa mwanangu hunisomea. Haingii, mkwe haingii anapolala baba mkwe. Huketi kwenye kigoda nje ya mlango, pazia katikati.

Anajua kusoma. Chifu wa hadithi alimpa kikohozi, muuza mitumba akampa ukali wa sokoni, hata nikacheka peke yangu kitandani. Lakini kila alipomfikia mke wa mhusika mkuu, mwanamke aliyeuza mahindi ya karo akatoroka, sauti yake ililala. Nikamuuliza kama amechoka.

"Sijachoka, baba. Ni huyu mama. Anaongea kama wewe. Hata kuiba, anaiba kama mtu ametumwa. Na bwanake hana kosa hata moja, ati?"

Nilimwambia asome tu.

Mwanamke huyo ni mke wangu. Tulikuwa tukilima Naitiri. Yale mahindi niliyapeleka sokoni Moi's Bridge mimi mwenyewe, pesa nikazinywa, kisha nikawaambia watoto kwamba mama yao ameyauza. Alirudi kwao. Mwanangu aliacha shule mwaka huo, na hadi leo hajakanyaga kwa mamake. Anayelishwa naye ni mimi.

Wiki nzima nilihangaika na yule mwanamke. Nilimpa mzaha, nikampa maumivu ya mgongo, nikambadilishia nguo. Hakuna kilichosaidia. Maneno yake halisi ya siku alipoondoka nilikuwa nayo, sikuwahi kuyasahau. Niliogopa kuyaandika kwa sababu mwanangu akiyajua, sijui nitalala wapi na nyonga hii.

Jumapili asubuhi niliyaandika. Mume nilimwacha amesimama uani, anatazama viatu vyake vyenye tope la sokoni. Alasiri mkwe wangu akaketi kwenye kigoda chake. Ndani ya nyumba mwanangu alikuwa na redio, anasikiliza mpira. Mkwe akasoma, na alipomfikia yule mwanamke, sauti ikaamka yenyewe, nzito kidogo, ya mtu anayefunga leso kiunoni huku akiongea:

"Mahindi hainanga miguu, baba watoto. Lakini kama unasema ilinifuata mimi, sawa. Siku yenye itarudi, uwapikie hawa watoto. Na uwaambie ilikuwa wapi."

Mkwe wangu alicheka. Kisha karatasi ikageuzwa mbele na nyuma.

"Baba, hii bado ni hadithi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Pazia lilikuwa katikati, asingeniona uso.

"Hapana," nikasema. "Mpelekee mumeo."

Kigoda kilikwaruza saruji. Nilisikia malapa yake yakivuka ua, mlango wa nyumba ukifunguka, halafu ile sauti nzito ikianza upya, polepole, nyuma ya makelele ya mpira. Nilivuta blanketi. Nilizitazama hatua zangu nne hadi mlangoni.

Kisha mtu akazima redio.