Mtihani wa Kichwa

Nilicheza hoki ya barafu kwa mshahara misimu kumi na minne, mimi mtoto wa wakimbizi wa Uganda niliyelelewa Alby, mtaa wa wahamiaji huku Uswidi. Kila mwanzo wa msimu daktari wa timu alitupima akili. Anakusomea maneno kumi, unayarudia. Alama zinawekwa kwenye faili, ili ukigongwa kichwa upimwe tena, zilinganishwe. Zikishuka, hupangwi.

Mkongwe mmoja wa timu alinipa dawa yake mapema: ukiwa mzima, kosea makusudi. Taja maneno matano, mengine jifanye umeyasahau. Basi hata ugongwe uone nyota mchana, alama hazishuki. Nilifuata, na sikukosa mechi hata moja kwa ajili ya kichwa. Kanisani walinisifu kuwa nina kichwa cha chuma, nami nikavimba. Mjinga kweli.

Sasa nimestaafu. Mwanga unanichoma macho, kwa hiyo mapazia ya sebuleni hayafunguliwi. Naenda dukani, narudi mikono mitupu kwa kusahau nilichofuata. Nawafokea watoto kwa sababu tu wamecheka, nao wananijibu kwa Kiswidi, polepole, kama wanaongea na mgonjwa wa kitandani. Hilo linaniuma kuliko kichwa chenyewe. Nilitaka kitu kimoja: daktari aandike kwamba naumwa, nitibiwe, na nyumbani wajue hii si hasira ya mtu aliyezoea kushangiliwa.

Mwezi uliopita nikapimwa. Daktari alifungua faili za zamani, akalinganisha, akatabasamu. Hakuna kilichoshuka, alisema. Niko vilevile kama nilipokuwa kijana.

Mke wangu, aliyenisindikiza, alimshukuru Mungu palepale. Ndani ya treni akampigia mama yake Kenya kumpa habari njema. Mimi nikawaza. Nikinyamaza, nitabaki mtu mzima mwenye gubu mpaka nife. Nikisema, nimemdanganya kila mtu, yeye akiwa wa kwanza.

Tulipopita kituo cha Bredäng nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, simu bado iko mkononi.

"Kwa hiyo siku zile ulikuwa ukikosea makusudi," alisema.

"Ndiyo."

"Na leo, baba watoto?"

"Leo nilijitahidi kwa nguvu zangu zote."